Bahasha Saba Kwenye Mkoba wa Mamangu

Mpaka leo, ukinikalisha chini uniambie nikueleze sheria za kupiga kura mapema hapa London, nitaanza vizuri, nitafika katikati, halafu nitapotea. Sioni haya kusema. Nina digrii yangu, nafanya kazi ofisini, na watu hunipigia simu niwasomee barua za kaunsili, serikali ya mtaa. Lakini alasiri ile, kwenye ukumbi wa shule ya msingi karibu na stesheni ya Rayners Lane, nilikuwa mjinga kabisa, na mamangu alikuwa kando yangu ameukumbatia mkoba wake kana kwamba tuko sokoni Kongowea.

Ndani ya mkoba mlikuwa na kura. Yake mwenyewe, na nyingine saba za wenzake.

Wenzake ni kina mama wa ushirika wetu wa maombi. Ni wauguzi, watunza wazee, wasafishaji, watu ambao siku ya uchaguzi ikifika wako zamu. Ndiyo maana waliomba kura ya posta. Karatasi inaletwa nyumbani kabla ya siku yenyewe, unatia alama mezani kwako, unaiingiza kwenye bahasha ndogo, unajaza tarehe ya kuzaliwa na sahihi kwenye kipande kingine, vyote viwili unavitia kwenye bahasha kubwa, unaziba, unaenda kutumbukiza kwenye sanduku jekundu la barabarani. Umemaliza. Umepiga kura ukiwa na kandambili.

Mamangu nilipomweleza mara ya kwanza alinitazama sana.

"Sasa hiyo ni kura au ni barua ya mchumba?"

Kwao Changamwe, Mombasa, alizoea kuamka na giza, kushika foleni, kuonekana na watu. Kupiga kura peke yako jikoni, ugali uko motoni, aliona ni jambo la kujificha. Lakini hilo alilimeza. Lililomshinda ni sanduku. "Linalala nje peke yake? Nani analilinda?" Na wenzake wote walikuwa na wasiwasi huohuo, kwa sababu sisi ni watu wa kutumana. Dawa ya presha, vitenge, sare za harusi, vyote vinasafiri mkononi mwa mtu tunayemjua. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada, mmoja mmoja, wakamwekea mamangu bahasha zao mkononi. Mama, utatufikishia. Na yeye akaitikia, nitawafikishia. Nilikuwepo, na nilifurahi kuona mamangu anaaminiwa hivyo.

Wa mwisho kumpa alikuwa mama wa Bukavu, kule Kongo. Namwita hivyo kwa sababu ndivyo tunavyomwita sote. Yeye alikuwa na habari yake.

Hapa tena kuna jambo lisiloniingia akilini. Mamangu alikuja juzijuzi tu na pasipoti yake ya Kenya, na alipopata kibali cha kukaa akaambiwa anaruhusiwa kupiga kura. Kwa nini? Kwa sababu Waingereza walitutawala. Mama wa Bukavu amekaa hapa tangu nywele zake zote ni nyeusi, amewaogesha wazee wa nchi hii na kuwafumba macho walipokufa, lakini yeye hakuruhusiwa. Kwa nini? Kwa sababu waliotawaliwa na Wabelgiji hawamo. Ilibidi angoje uraia. Aliungojea miaka na miaka, akienda kuripoti Croydon kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji, akijaza karatasi baada ya karatasi. Aliwahi kutuambia kwamba swali lililokuwa likimuumiza ni lile la kuuliza nani anakujua katika nchi hii. Alikuwa akiacha pale patupu. Hakuwa na mtu.

Uraia ulitoka mwaka jana. Hii ilikuwa kura yake ya kwanza.

"Miye siamini ile sanduku, Mama," alimwambia mamangu, akiishika bahasha kwa mikono miwili. "Ninakuamini weye. Na yangu ihesabiwe, hata kama ni moja tu."

"Itahesabiwa, mwanangu. Nikiwa hai itahesabiwa."

Basi siku ikafika. Mimi nilikuwa nimepiga yangu asubuhi pale ukumbini, na leseni yangu ya gari mkononi, maana ukija mwenyewe lazima uonyeshe picha, lakini ukipiga kwa posta hakuna anayetaka kukuona sura. Usiniulize. Alasiri nikampeleka mama. Karani alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, na kikombe cha chai kilichopoa. Mama akafungua mkoba, akapanga bahasha nane mezani kwa fahari yote.

Karani hakuzigusa. Aliziangalia, akaniangalia mimi, akasema ngojeni kwanza.

Sheria, alisema, ni hivi. Mtu anaweza kuleta kura yake ya posta na za watu wengine watano. Watano, mwisho. Na lazima ajaze fomu, aseme analeta za wangapi na kwa nini. Akipitisha watano, zote za wengine zinatupwa. Si zile zilizozidi tu. Zote.

Nilimtafsiria mama. Ikabidi nirudie, kwa sababu hata mimi nilidhani nimesikia vibaya.

"Ebo! Wote saba? Hata wale watano halali?"

"Wote, mama."

"Kwa kosa gani? Wamemuua nani?"

Karani akaona hali imekuwa mbaya, akatafuta njia. Akasema binti yako si yupo? Atachukua mbili, wewe utabaki na tano. Nikashusha pumzi. Nikavuta fomu, nikatoa kalamu. Halafu nikakutana na swali: je, wewe ni mpiga kampeni wa kisiasa?

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Majuma machache nyuma, mama mmoja ninayekutana naye tukipeleka watoto shule alikuwa anagombea udiwani, akaniomba nimsaidie kusambaza vikaratasi. Nilisambaza mtaa mmoja, Jumamosi moja, na mvua ikaninyeshea. Mimi ni mpiga kampeni? Nilimuuliza karani. Akasema wapiga kampeni hawaruhusiwi kabisa kushika kura za posta za watu wasio jamaa zao. Nikasema najua, umeshasema, lakini mimi ni mmoja wao? Akasema hawezi kunishauri, anayetia sahihi ni mimi, ila nikitia sahihi jambo la uongo ni kosa la jinai.

Jinai! Mimi na vikaratasi vyangu vilivyoloa! Kalamu niliirudisha mezani polepole.

Mama alitaka kujua kuna nini tena. Nikamweleza.

"Walikulipa?"

"Hapana."

"Walikulisha?"

"Chai, mama. Na biskuti."

"Biskuti." Alilitamka neno lile taratibu sana. "Watu saba wanakosa kura zao kwa ajili ya biskuti."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilikasirikia kaunsili, nikakasirikia biskuti, nikamkasirikia na mamangu kwa kupokea mizigo ya watu. Tukatoka kwenye korido, tukakaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yametufika kidevuni, nikaanza kupiga simu. Tulichohitaji ni mtu mmoja tu. Mmoja kati ya wale saba aje, achukue mbili, mambo yaishe. Lakini kama wangekuwa na nafasi ya kuja, wangeomba kura ya posta ya nini? Wa kwanza simu imezimwa, yuko wodini. Wa pili amelala, ametoka zamu ya usiku, mumewe anakataa kumwamsha. Wa tatu yuko njiani kwenda Heathrow kusafisha ndege. Wengine watatu wako zamu. Mama wa Bukavu hakupokea. Ejenti inayompa vibarua ilikuwa imempeleka Croydon, kwenye nyumba ya wazee, mwisho mwingine kabisa wa mji. Nilimwachia ujumbe nikijua ni kazi bure.

Akapita mzee wa Kihindi anayekaa nyuma yetu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye hukutana na mamangu kwenye duka la mboga wakabishana juu ya bei ya mihogo. Akasikia habari yote. "Lete mama, nitakutolea mbili," akasema. "Shida iko wapi?"

Mimi nilisimama kwa furaha. Mama hakusimama.

"Ahsante sana, ndugu yangu. Lakini hawakukutuma wewe."

Mzee aliinamisha kichwa, akaelewa, akaenda zake. Mimi sikuelewa. Nilipandwa na hasira hasa.

"Mama, basi tia tano! Mbili zikipotea zimepotea. Tano ni bora kuliko kukosa zote!"

Hakunigombeza. Alifungua mkoba, akaiacha ndani yake mwenyewe aliyoikunja pembe, akazipanga zile bahasha saba kwenye kimeza cha watoto kilichochorwa maua. Nyeupe, zote sawasawa, zimezibwa, hazina jina nje.

"Haya. Wewe umesoma. Nionyeshe mbili za kutupa."

Niliziangalia. Moja ya hizo ilikuwa ya mama wa Bukavu, na sikuweza kujua ni ipi. Ningeweza kuchagua mbili za kuacha, nikaiacha yake, na nisijue maisha yangu yote. Mama alianza kuzihesabu upya, moja mpaka saba, kidole juu ya kila moja. Ndipo nilipofahamu kwamba kumbe anaogopa. Aliahidi. Angewaangaliaje Jumapili?

Tukakaa. Watu waliingia na kutoka. Karani alituletea maji. Kila mara nilimuuliza swali jipya, na kila jibu lilinichanganya zaidi. Mwenye kura akija mwenyewe, anahesabiwa kwenye watano? Hapana, yake ni yake. Asipojua ipi ni yake? Karani alikuna kichwa. Hilo, alisema, hajawahi kuulizwa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maduka mlango ulipofunguliwa akaingia mama wa Bukavu. Alikuwa bado na sare yake ya kazi, kitambulisho kinaning'inia kifuani, anahema. Tramu, treni, kisha tyubu, ile treni ya chini ya ardhi, na katikati mabehewa yamekwama.

"Nimesikia ujumbe wako ndani ya tramu," aliniambia. "Iko wapi yangu?"

Mama alimwonyesha meza tu. Nikamweleza habari yote kwa pupa, nikirukaruka, watano, saba, biskuti, na nadhani nilimchanganya vilevile nilivyochanganyikiwa mimi. Alisikiliza. Kisha akainama akazigusa bahasha moja moja, kama mtu anayechagua nyanya. Akarudia tena kutoka mwanzo.

"Sitambui," akasema. "Zote ni moja."

"Nisamehe, mwanangu," mamangu akasema. "Nilikuahidi yako."

"Mama, nichukue mbili gani?"

"Zozote. Wewe ni mmoja wao, nawe pia umetumwa."

Alichukua mbili za mwisho. Mama akabeba tano na ile yake, tukarudi mezani kwa karani sote watatu. Fomu ya mama niliisoma kwa sauti, akajibu, akatia sahihi. Kwa nini unaleta kura za wengine? Akaniambia andika wako kazini, na karani akazipokea zake.

Ikawa zamu ya mama wa Bukavu. Karani akamuuliza, katika hizi mbili, ipi ni yako na ipi ya mwenzako? Akasema hajui. Huenda moja ni yake, huenda zote mbili ni za wenzake na yake imo kwenye zile za mama. Karani alifikiri sana. Mwishoni akasema, basi andika mbili za wengine, hazizidi tano, hakuna ubaya.

"Kwa hiyo kura yangu haikuandikwa kuwa yangu?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Ni karatasi tu," nilimwambia, ingawa nilihisi vibaya. "Imo. Iwe huku, iwe kule, imo."

Akatikisa kichwa, akaishika kalamu. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa kiwiko. Fomu amejaza nyingi kuliko mimi. Aliandika jina, anwani, mbili, akaweka alama kwamba yeye si mpiga kampeni. Alipofika pale pa kueleza kwa nini analeta kura za wengine, akaacha kuandika. Nikadhani hajaelewa swali. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie andika wako kazini, kama mama.

Akaandika mwenyewe, kwa Kiingereza, polepole, maneno matatu ambayo kwetu ni neno moja: wananijua.

Karani aliyasoma, akatazama juu, akamwangalia mama wa Bukavu na mamangu aliyemshika bega. Kisha akazipokea zile bahasha mbili.