Kikao Kilichoamua Kwamba Sitazaa

Nisameheni kwanza. Nilisoma shule ya msingi tu, mwandiko wangu unapanda na kushuka, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia. Ninaandika polepole. Lakini mbele ya watu huwa ninainama tu, na jambo hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Nakuita mwanangu, ingawa labda tunalingana miaka. Pale tunapofanyia mazoezi ya mwili, hapa Lubumbashi, aliyetangulia kuvunjika mgongo huitwa papa na wale wanaokuja nyuma yake, hata kama ndevu zake hazijajaa. Mimi ni papa wa vijana wengi pale. Mmoja hunitania: "Papa, uko na batoto bengi na hakuna hata moya mwenye kukuletea maji." Tunacheka wote. Nikirudi nyumbani sicheki.

Basi, mwanangu, iko Jumapili moja ambayo hainitoki kichwani.

Nilikuwa nimeoa kabla tu ya ajali. Mke wangu aliitwa Numbi. Nilikuwa nikipakia malori kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu, huko Naviundu, na siku moja magunia ya unga yalianguka na kunilalia mgongoni. Miguu ilikufa. Mambo mengine ya chini ya kiuno nayo yalinyamaza, na wewe unayesoma unajua ninachosema. Numbi alinigeuza kitandani, akaniosha, akajifunza kunitoa mkojo kwa mpira kama alivyoonyeshwa hospitalini. Hakuwahi kukunja uso. Usiku tulikuwa tukiongea habari za mtoto, kwa sauti ndogo, kama watu wanaoiba.

Jumapili hiyo, baada ya misa, wakubwa walikutana sebuleni kwa baba. Alikuwepo baba yangu, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu wa heshima na wa maneno machache. Alikuwepo Mjomba Kasongo, msemaji wa ukoo wetu. Upande wa Numbi walikuja baba yake na shangazi yake, Tantine Mbuyu. Kwetu, mtu anayezungumziwa hakai ndani wakati wakubwa wanaongea. Anatoka, anangoja aitwe. Ni desturi, na zamani niliiona nzuri, kwa sababu inamkinga mtu asisikie maneno mabaya.

Lakini mwenye miguu akitolewa nje anaweza kurudi. Mimi, Mjomba alimwambia mdogo wangu Banza anitoe, na Banza akashika kigari changu cha magurudumu kwa nyuma, akanishusha ile ngazi ya mlangoni, akaniacha uani karibu na wanawake waliokuwa wakisonga bukari, ugali wetu. Ngazi ile ni fupi, mtoto anairuka. Kwangu ilikuwa ukuta.

Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia yote. Baba alisema kwamba dokta amekwisha kusema: huyu hawezi kuzaa tena. Nilikuwa sijaambiwa hivyo na mtu yeyote. Mjomba akasema basi ifanyike kama walivyofanya wazee kwenye nyumba zenye shida hiyo: Banza aingie kwa Numbi kimya kimya, mtoto atakayezaliwa abebe jina langu, na watu wa nje wasijue.

Numbi aliitwa ajibu. Alisema:

"Mimi niliolewa na muntu moya. Mumurudishe hapa ndani, docteur amuambie yeye mwenyewe."

Nilipiga kelele kutoka uani kwamba na mimi nataka hivyo, nataka kuonana na dokta. Mama mmoja aliacha mwiko, akaja kunipangusa jasho. Akawaambia walio ndani kwamba nina uchungu wa mgongo, waendelee tu. Kelele za mgonjwa hazihesabiwi kama maneno, mwanangu.

Baba yake Numbi alisema kama binti yake anakataa shauri la wakubwa, basi anamchukua. Jioni ile Numbi aliondoka na mfuko wa nguo. Alipopita uani alishika kichwa changu kwa mikono miwili.

Muda mrefu ulipita. Nilikwenda hospitali kwa ajili ya kidonda cha kukaa, na dokta, yule yule wa mwanzo, aliuliza kama nina mke, kama tunataka watoto. Nilidhani ananicheka. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema imekwisha.

Aliweka kalamu chini. Alisema alimweleza baba kwamba njia ya kawaida itakuwa ngumu. Hakusema imefungwa. Akanieleza mimi sasa, taratibu, kwa Kiswahili chetu: mgongo ukivunjika, mwili wa mwanamume kwa kawaida unaendelea kutengeneza mbegu. Kinachokatika mara nyingi ni amri ya kuzitoa. Kuna chombo cha kutetemesha kinachoweza kuzitoa, na kikishindwa kuna njia ya kuzichukua kwa sindano, kisha mwanamke anasaidiwa kupata mimba. Si kila mtu anafanikiwa, na gharama ni kubwa. Nilipimwa. Mbegu zilikuwepo, nyingi zimechoka, lakini nyingine zilikuwa hai na zinatembea.

Nilimuuliza baba. Hakukana. Alisema: "Mutoto wa mashine, ningewaambia bantu iko wa nani?"

Basi huyo ndiye baba yangu. Mtoto wa Banza kwa siri angeweza kumbeba mbele ya watu. Mtoto wangu mwenyewe kwa msaada wa dokta alimwonea haya. Bado tunakula sahani moja, na chakula hakina ladha.

Tantine Mbuyu aliposikia alikuja mpaka kwetu. Hakukaa. Alimwambia baba mbele yangu: "Mulimutoa inje sawa kiti. Mukaongea juu ya damu yake na yeye iko inje." Kisha alinigeukia, akasema Numbi ameolewa huko Likasi na ana mtoto mgongoni. Nilimwomba ampelekee habari ya vipimo, ajue tu kwamba alikuwa na haki kutaka dokta aniambie mwenyewe.

Alipeleka. Jibu la Numbi lilikuwa hili: "Heri mungeniacha bila kujua."

Sijamtumia neno lingine tangu siku hiyo.

Mwanangu uliyevunjika juzi, nisikilize. Dokta akiongea na wazazi wako juu ya kichwa chako, mvute koti. Mwambie akueleze wewe, na mkeo awe pembeni yako. Uliza habari ya uzazi mapema, hata kama unaona haya. Mimi haya yangu na haya ya baba zimenigharimu nyumba. Chombo kile usikijaribu peke yako chumbani, hasa kama jeraha lako liko juu mgongoni, kwa sababu presha inaweza kupanda vibaya. Fanya mbele ya dokta. Na wakubwa wakisema utoke ili wakuamulie, funga breki za kigari chako, ushike magurudumu. Watakuita mtoto asiye na adabu. Kubali kuitwa hivyo.

Mungu aulinde mwili wako ulivyo sasa. Akupe mwanamke anayeuliza maswali, na wazazi wasiokuonea haya. Nyumbani mwako alie mtoto mchanga, hata kama alipitia mkononi kwa dokta.

Kama umepita hapo nilipopita, au umefanikiwa pale mimi nilipokosa, tafadhali niandikie. Hata kwa makosa. Nitasoma polepole, lakini nitamaliza.