Tunda Lisiloharakishwa

Baraza la Peris pale Kibomet limenyamaza. Hakuna tena kikombe cha bati juu ya ukuta mfupi, wala tunda la kijani lililosimamishwa ndani yake kama hindi bichi, wala sauti yake ikikaripia kuku na wageni kwa pamoja: "Usiguse! Magamba bado!"

Peris alizaliwa Bungoma, akaja Kitale akiwa msichana kupika katika nyumba ya zamani ya mlowezi. Nyumba ilipobomolewa, wenzake walibeba milango na mabati. Yeye aliomba kipande cha mmea uliotambaa ukutani, wenye majani mapana yaliyotobokatoboka. Akaupanda chini ya mparachichi wake, akamlea binti yake Viola, na mmea ukachukua miaka yake kabla ya kuzaa.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Nyaruai, jirani wa ng'ambo ya ua. Msimu wa mahindi mabichi, kwetu jirani haombi. Huchukua hindi akajiwekea jikoni. Ndivyo alivyofanya Nyaruai siku moja Peris alipokwenda kuteka maji. Kikombeni, pale barazani, aliona hindi nono ajabu, lenye magamba mahali pa punje. Akaliweka makaani, akaling'ata likiwa moto.

Peris alimkuta ameshika koo, mate yakimtoka, ulimi kama umejaa sindano. Zahanati walimpa dawa, akapona. Lakini baada ya hapo mlango wa Peris haukubishwa na mtu. Alipofika kwenye mfereji, wanawake walimpa mgongo.

"Kata hiyo kitu, bana," mmoja alimwambia. "Ama unangoja maiti?"

Panga alilishika, kweli. Kisha akaliweka chini. Angeukata mmea, Nyaruai angeamini hadi kufa kwamba rafiki yake alifuga sumu.

Akachuma tunda jingine, akalipeleka kwa Nyaruai na kulisimamisha kikombeni, kikonyo chini.

"Mama Viola, umerudi kunimaliza?"

"Liangalie tu. Usivute gamba hata moja."

Peris akawa anapita kila siku kulitazama. Mwanzoni walizungumzia tunda tu. Baadaye umbea ukarudi. Hatimaye magamba yakaanza kudondoka yenyewe, kutoka chini kwenda juu, na chumba kikanukia. Peris akapangusa vijidoa vyeusi, akala yeye kwanza, pale tu palipojivua. Palipobaki na magamba akapaacha mpaka kesho.

Nyaruai akaonja kwa ncha ya ulimi. Akangoja. Akaonja tena.

"Ati ni nanasi imeolewa na ndizi! Na mimi nikaichoma!"

"Si ungetia na pilipili, nakujua."

Walicheka hadi wanawake wa mfereji wakachungulia juu ya ua, na Nyaruai akawaita waingie, waonje.

Mamake Peris alipougua, Peris alirudi nyumbani kumtunza. Sasa anaishi Bungoma, karibu na reli, na anauza miche ya mboga sokoni. Mmea anaumwagilia Nyaruai.