Kiti cha Karani

Jumamosi moja kila mwezi mimi huendesha gari kutoka Lewisville kwenda kwenye mashindano ya farasi, na sina farasi. Sina hata mtoto anayepanda farasi. Niliwahi kuwa naye. Alipokuwa shule ya msingi alishikwa na wazimu wa farasi, na wazazi wote tulitakiwa kujitolea kwenye mashindano yao. Nikafungua geti, nikagawa maji, nikazoa mavi. Kisha binti akaacha farasi, akasoma, akapata kazi Houston, akahamia Stafford. Baba yake alikuwa ameshajiondokea zamani. Mimi nikabaki na farasi wa watu.

Rafiki yangu mmoja wa kanisani, muuguzi kama mimi, anayekaa Arlington, haishi kunisema. "Yaani una-skip overtime uende kukaa juani na farasi za wazungu? Dada, hiyo ni nini sasa?" Mimi humjibu kwamba nafuata hewa safi. Hewa gani, na mavi yote yale? Ukweli ni kwamba nikitoka kazini Ijumaa naweza kukaa hadi Jumatatu bila mtu yeyote kunisemesha. Nikimpigia binti yangu, hujibu kwa ujumbe: "Mum, I'm driving, nita-call Sunday." Jumapili hiyo ni ya mwaka gani, sijui. Basi nilikuwa nakwenda kule kutafuta mtu wa kuongea naye, hata mmoja tu.

Na kazi waliyonipa baada ya miaka ya getini ni ile moja ambayo huruhusiwi kuongea. Mimi ni karani wa mwamuzi. Si mashindano ya mbio: wapandaji huingia uwanjani mmoja mmoja, wanafanya mizunguko ileile iliyopangwa, na kwa kila hatua mwamuzi hutamka alama na maneno mawili matatu, macho yake yakibaki kwa farasi. Karani anaandika. Haulizi kitu, hasifu farasi, haguni, maana maoni yake yanaweza kumponza mpandaji. Siku nzima mnakaa bega kwa bega kwenye kibanda cha mbao, feni ikivuma, na hamzungumzi. Mimi niliyezoea kumsalimia hata mtu wa kwenye foleni nilikaribia kupasuka.

Nilizoea, na nitasema wazi, nikapenda. "Sita na nusu, shingo imekaza." "Saba, mwendo mwepesi." Hakuwa akiniambia mimi, lakini ilikuwa sauti ya mtu, karibu na sikio langu, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kiti kile nilikilinda kama mali.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mwamuzi alikuwa mama mtu mzima aliyetoka upande wa Houston, mwenye kofia pana na mikono yenye madoa ya jua. Mchana aliingia farasi mmoja mkubwa wa kijivu, amepandwa na mwanamke wa makamo. Walipopita mbele yetu mwamuzi akasema, "Saba na nusu, ametulia vizuri. Mume wangu angempenda huyu."

Nikaandika yote. Uuguzi umenizoesha kuandika kila anachotamka mgonjwa, hata akiwa usingizini, na mkono uliandika kabla akili haijauliza. Mwamuzi akaweka sahihi yake chini bila kusoma juu, karatasi ikaenda kwa mpandaji.

Haikupita nusu saa, msimamizi wa mashindano akaja nayo mkononi. Yule mwanamke wa farasi wa kijivu alikuwa ameuliza ni mume gani huyo anayetajwa kwenye alama zake. "Nani ameandika hivi?" Nikasema ni mimi. Nikajua kiti kimekwenda.

Mwamuzi akavaa miwani, akasoma. "Nilisema hivi?"

"Ndiyo."

"Kwa sauti?"

"Ndiyo."

Akamrudishia msimamizi karatasi. "Karani ameandika nilichosema. Ndiyo kazi yake." Msimamizi akaondoka, tukaendelea na farasi waliobaki, wanane au tisa. Nusura nimkumbatie yule mama.

Farasi wa mwisho alipotoka, marufuku ya kuongea ikaisha. Makarani wengi hapo huaga na kukimbilia magari yao. Mwamuzi hakuinuka, nami sikuinuka. "Alifariki mwaka juzi," akasema. "Huwa naongea naye nyumbani. Sikujua kwamba naongea naye na mbele za watu." Kisha akanigeukia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza siku nzima nilipoona macho yake yana rangi gani. "Na wewe? Nyumbani unaongea na nani?"

Miaka yote ile nilikuwa nasubiri mtu aniulize hivyo. Lakini nimelelewa Kenya, na kwetu ukiulizwa habari za nyumbani humwagi matatizo papo hapo. Unasema nzuri, wazima, tunashukuru Mungu, hata kama umeamka na homa. Mwenzako anajua. Anakutazama, anauliza tena, "Lakini kweli mko salama?" Hapo ndipo unaposema. Ndivyo nilivyofanya bila kufikiri.

"Nina binti," nikamwambia, na nikatabasamu. "Naongea naye kila siku. Tuko salama kabisa."

Nikasubiri. Nilikuwa na kila kitu tayari mdomoni, Stafford, ujumbe wa simu, Ijumaa hadi Jumatatu. Ningemweleza mpaka jua lizame.

"Una bahati," akasema, kwa moyo mweupe kabisa. Akachukua kofia yake, akanishukuru kwa kazi nzuri, akashuka ngazi. Nilimwona akifika kwenye gari lake na kufungua mlango, na bado nilikuwa nimekaa, nikimsubiri aulize tena.