Siku Feruzi Alipoviita Vijiji Vyote

Habari ya kifo cha kaka yangu Feruzi ilinifikia kwa ngoma, asubuhi, nikiwa barazani Kindu nasomesha Juzuu Amma. Kutoka Lwembe hadi kwetu ni nusu siku kwa mtumbwi, kwa hiyo ngoma tatu za njiani zilipaswa kupokezana neno hilo. Wapigaji wote watatu walifundishwa kazi na Feruzi mwenyewe, na hakuna aliyekubali kupitisha habari ya mwalimu wake bila kuongeza lake. Wa kwanza alisema amekufa. Wa pili alisema amekufa mtu wa mikono mikubwa na masikio madogo. Wa tatu akaongeza kwamba marehemu hakupata kumaliza sahani hata moja bila kuinuka kusema jambo. Ilipofika Kindu, habari ilikuwa ndefu kiasi cha kuivisha chungu cha kunde. Nilikuwa nimeanza kulia. Kisha nikasikia lile la masikio, nikacheka, wanafunzi wakacheka kwa sababu mwalimu amecheka, nikamwomba Mungu msamaha, nikalia upya, nikafunga msahafu.

Naandika haya kwa ajili ya watoto wake, wajue baba yao alikuwa mtu gani.

Tulizaliwa Lwembe, kijiji cha mama yetu, nyumba kumi na mbili juu ya ukingo wa Lualaba. Mimi niliwafuata watu wa pwani hadi Kasongo, nikajifunza kusoma. Feruzi alibaki na ngoma ya gogo, ile inayochongwa tumbo wazi na kusema kwa midomo miwili, mmoja mzito na mmoja mwembamba. Baadaye naye alisilimu, na aliswali vizuri, ila vidole vyake havikutulia juu ya goti hata wakati wa tahiyatu.

"Kaka," nilimwambia, "utaulizwa habari ya gogo hilo Siku ya Kiyama."

"Nitajibu kwa gogo, Mwalimu. Siku hiyo kutakuwa na watu wengi. Wewe na sauti yako hiyo nani atakusikia?"

Vita vya watu wa pwani na watu wa Dola, yaani serikali ya Wazungu, vilipopita kwetu, Lwembe ilichomwa. Mimi na Feruzi tulikuwa tumekwisha kuhamia Kindu. Watu wa Lwembe waliingia msituni na hatukujua nani yu hai. Mwaka wa pili baada ya vita akaja bwana mkubwa mpya wa kituo cha Dola hapo Kindu, Mzungu mwembamba mwenye karatasi kubwa. Alitaka nchi yote kati ya vijito viwili iwe wilaya moja, na kila kijiji na kila kabila liandikwe humo. Kijiji kitakachokosa watu wa kusimama mbele yake hakitaandikwa, na ardhi yake itakuwa shamba la mpunga la kituo.

Kaburi la mama yetu liko Lwembe. Feruzi aliposikia neno hilo aliacha sahani imejaa, na safari hii hakusema kitu. Majirani wakadhani anaumwa.

Wiki ile ile akaitwa kituoni. Mkalimani alikuwa Hamadi, mzaliwa wa pwani, mtu mwema mwenye haraka.

"Bwana anataka majina ya vijiji vyote," alisema Hamadi.

"Kwa mdomo nitasahau," alijibu Feruzi. "Mikono yangu njo inakumbuka."

"Basi piga. Ukipiga kimoja, niambie jina, mimi nitamwambia bwana, naye ataandika."

Feruzi akamtazama kwa upole. "Vyote?"

"Vyote, vyote! Unangoja nini?"

Hamadi hakujua jambo ambalo huku kwetu hata mtoto wa kunyonya analijua. Jina la kijiji halipigwi bure. Ukilipiga umekiita, nacho kitakuja chote, wazee na mbuzi, na aliyeita ndiye atakayelisha. Nilifungua kinywa nimwonye. Feruzi akanikanyaga mguu, akapiga hadi adhuhuri. Bwana mkubwa aliandika pembeni majina thelathini na moja, la Lwembe likiwamo, akasifu kazi, akaenda kupumzika.

Kesho yake asubuhi mto haukuonekana kwa mitumbwi.

Wagenya ndio waliotangulia, maana Lualaba ni ua wao, wakipiga makasia kwa kusimama na kumtukana kila aliyekuwa nchi kavu. Mkubwa wao, mzee Lokanga, alipaza sauti kabla hajashuka: "Nani amekufa? Kama hakuna maiti, nani anaoa? Kama hakuna bibi arusi, samaki wetu wanarudi nyumbani!" Wakaja Wasongola na ndizi na vibuyu vya mawese. Wakaja Wakusu, mistari miwili, wakiimba. Hata Wangwana wa mtaa wetu, wanaokaa hatua arobaini kutoka kituoni, walitoka na kanzu safi wakisema wameitwa na wamechoka na safari. Walega wa msituni walifika siku ya pili, kofia zao zimeshonewa kauri, wakauliza neno moja tu: chakula kiko wapi?

"Ninyi Wagenya," alisema Mkusu mmoja, "mnanuka samaki mpaka paka wanawaamkia."

"Na ninyi mkianguka majini," akajibiwa, "hata mamba anawarudisha."

Bwana mkubwa alitoka na sabuni kwenye shavu moja, lingine limekwisha kunyolewa.

"Bwana anauliza," alisema Hamadi, jasho linamtiririka, "hawa ni nani?"

"Ni karatasi yake," alisema Feruzi. "Jana aliiandika, leo imekuja."

Ghala la mchele likafunguliwa. Ilibidi. Na bwana mkubwa, ambaye hakuwa mjinga, akaona kwamba watu wakishakula anaweza kuwapanga kwa vijiji na kuwahesabu. Kila kijiji kikapewa mstari wake. Penye mstari wa Lwembe alisimama Feruzi peke yake.

"Lwembe!" aliita Hamadi.

"Mimi."

"Wewe umeandikwa hapa Kindu, mzee. Toka."

Akapewa muda hadi alasiri ya siku ya tatu awalete watu wa Lwembe. Siku hiyo aliwaacha watu wote na michezo yao, akaliendea gogo, akapiga Lwembe, Lwembe tu. Viganja vyake vilivimba. Hakuna aliyejibu. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Mimi nilikuwa kando na tasbihi, na sitaficha: nilimwomba Mungu aibariki ngoma.

Bwana mkubwa alikuwa anaikunja karatasi ndipo sauti ikatoka migombani.

"Acha kelele! Tuko hapa tangu jana!"

Alitoka Mama Mkubwa Mayani, dada wa mama yetu, kuku kwapani, na watu sita nyuma yake, wamekonda lakini wanatembea. Feruzi alidondosha vijiti.

"Mbona hamkutoka, mama?"

"Tunaogopa bunduki. Na wewe unalipiga jina letu kama muntu anayetwanga mihogo mibichi! Nani alikufundisha?"

"Mume wako, mama."

"Basi hata yeye hakujua."

Feruzi alikuwa analia na kucheka pamoja. Hamadi akahesabu, bwana mkubwa akatikisa kichwa.

"Bwana anasema, saba si kijiji."

Mama Mkubwa akamsukuma mbele msichana mwenye tumbo kubwa. "Nane." Bwana akatikisa kichwa tena. Mama Mkubwa akamwinua kuku. Uwanja mzima ukacheka, ila Feruzi hakucheka sasa. Alikuwa akiitazama kalamu.

Hapo mzee Lokanga akatoka katika mstari wa Wagenya, ananung'unika. "Mama yangu alizaliwa Lwembe. Nisimame wapi?"

"Nyuma ya kuku, mjomba," alisema Mama Mkubwa.

Akasimama nyuma ya kuku. Akatoka Mkusu mwenye wake watatu, wawili wa Lwembe, akaja nao wote ili wa tatu asinune. Akatoka Msongola aliyemwoza binti yake huko. Akatoka Mlega mmoja aliyesema babu yake aliwahi kuugua Lwembe akauguzwa vizuri. Basi ikawa vurugu! Mistari mingine ikatoboka, wa Lwembe ukazunguka ghala, watu wanaitana shemeji, mjukuu, mkwe, mpaka Hamadi akapoteza hesabu, na bwana akapoteza hesabu, wakaanza upya mara tatu. Mara ya mwisho walifika sitini na tatu. Bwana mkubwa aliketi juu ya gunia akacheka hadi wino ukamwagikia suruali yake. Akaandika Lwembe katika wilaya yake. Na mimi, niliyemtisha kaka yangu kwa Kiyama, nilijikuta narukaruka uwanjani, kuku wa Mama Mkubwa mkononi, kilemba shingoni.

Wageni walirudi kwao. Feruzi na mkewe Mwavita walihamia Lwembe pamoja na wale saba, na mtoto wa yule msichana akazaliwa mwezi ule ule. Waliishi huko miaka mitatu, wakalima, wakajenga nyumba tisa. Kisha homa ya kifua ikamshika, siku nne tu.

Siku ya habari nilichukua mtumbwi wa Wagenya, Hamadi akafuatana nami. Tulifika adhuhuri imepita. Mwavita alinipokea ukingoni, akasema, "Shemeji, tumekungoja." Mimi na Hamadi tulimwosha kaka yangu, tukamvika sanda ya nguo nyeupe. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba yake, karibu na mama yetu. Niliswalisha. Wanaojua sala hii walikuwa wachache, wakapanga safu moja. Wengine walisimama nyuma. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia, akielekea kibla. Nilitia udongo kwa mikono mara tatu, kisha wanaume wakajaza kwa majembe. Mama Mkubwa Mayani akamwagia maji juu. Nikasoma dua, watu wakaitikia amina. Tulinawa mikono mtoni, tukala ugali na samaki wa Lokanga, nikamuaga Mwavita na watoto, nikaingia mtumbwini.