Kinyozi Aliyelewa kwa Mikono

Saa moja asubuhi, kinyozi ambaye mtaa mzima unamwita Wembe anameza kidonge mbele ya mkewe, anainua ulimi kuthibitisha kwamba kimeshuka, kisha anakwenda kazini kubishana na wateja kuhusu chupa ambayo haipo.

"Spiriti iko wapi?" anauliza wa kwanza, shingo ameshaiinamisha.

"Hakuna, mzee wangu. Wembe mpya, maji ya moto na sabuni."

"Sasa nisipoungua nitajuaje kama nimenyolewa?"

"Utajitazama kwenye kioo kama watu wengine."

Mteja anacheka. Wembe hacheki.

Kidonge hicho hupewa mtu aliyeacha pombe ili asiirudie. Hakiondoi hamu, kinagombana na pombe yenyewe. Anayekimeza kisha akanywa huwaka uso, moyo humwenda mbio, hutapika, na presha yaweza kushuka hadi akazimia au kufa. Wembe alielezwa hayo, akaogopa, akaacha kunywa. Hakuelezwa kwamba pombe ina milango mingine ya kuingilia mwilini: ngozi na pua.

Kliniki ilimuuliza dini yake, jina la babu yake na namba ya simu ya jirani. Ilipofika zamu ya kazi, alijibu kama wanavyojibu wengi wasio na mwajiri: "Najitegemea." Daktari akasema, "Sawa," akaendelea. Mtu aliyekuja kutibiwa utegemezi anasema anajitegemea, na hakuna anayeona haja ya kuuliza anajitegemea kwa kufanya nini.

Alikuwa akijitegemea kwa spiriti, ambayo nayo ni pombe. Alifutia shingo za watu, alioshea mashine, alinawia mikono, kutwa nzima, katika chumba chenye dirisha moja ambalo rangi imeligandisha lisifunguke.

"Uso ukaanza kuwaka, natapika nyuma ya saluni," anasema. "Wenzangu wakasema, 'Karudi huyo!' Nikaapa kwa kaburi la mama. Nani anaamini kiapo cha mlevi?"

Mkewe hakukiamini. "Macho mekundu, anatweta, anatapika. Ningewaza nini, ndugu mwandishi? Nikasema kidonge kimoja hakimtoshi huyu."

Akawa anasaga cha pili na kukikoroga kwenye chai, kimyakimya.

Ni rahisi kumlaumu mwanamke huyu, na waliokwisha kumlaumu ni wengi. Alikosea, na kosa lake lilikaribia kumfanya mjane. Lakini maelekezo yote aliyopokea yalikuwa yameandikwa juu ya pakiti: 1 × 1. Kwa dawa inayoweza kuua, kliniki iliona herufi ni anasa.

Wembe alianguka mashine ikiwa bado inanguruma mkononi, mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Hospitalini alilazwa kwenye benchi la walevi, mahali ambapo mtu husubiri hadi apate fahamu au aikose moja kwa moja. Muuguzi aliyekuja kumpima presha ndiye aliyeinama akanusa.

"Mdomo haunuki," alisema. "Mikono ndiyo inanuka."

Hapo mke akalia, akataja chai. Dawa ilisimamishwa, na baadaye Wembe akarudishiwa kidonge kimoja kwa sharti: asiiguse spiriti, na mtu asiye daktari asiiguse dozi.

Mwenye saluni, ambaye ni shemeji yake, ana sharti lake pia.

"Wateja wanahamia kwa jirani, shemeji. Chupa irudi, au kiti nimpe mwingine mwisho wa mwezi. Si umeshaacha pombe? Kidonge cha nini tena?"

"Nimeacha kwa sababu ya kidonge."

"Basi kikunyolee."

Wembe ameamua. Kati ya kiti na kidonge, kitakachoondoka ni kiti. Atanyoa barazani kwake, palipo na hewa. Lakini kwanza ana miadi ya kliniki siku ya Alhamisi, na safari hii ataandamana na mkewe.

"Chupa ya spiriti ataibeba yeye, mimi siigusi. Ataiweka mezani. Halafu nitasema, 'Daktari, niulize tena kazi yangu.'"

Na akishauliza?

"Nitamwonyesha benchi la nje ya kliniki," anasema, akiutupa wembe uliotumika. "Pale tunasubiri na mpaka rangi, na fundi wa vanishi, wanaovuta harufu kutwa kama mimi. Wanameza kidonge hikihiki. Nao wanajitegemea."