Na Kikohozi Kimo

Mwanamke yule alinichosha. Kila siku ya baraza hapa Newala alifika kabla ya Liwali, miguu ingali na udongo wa bondeni anakoteka maji, akaketi mbele ya meza yangu chini ya picha ya Malkia. Alikuwa anadai talaka. Lakini hakusema, "Mume wangu ananitesa," ili niandike mstari mmoja tuachane. Aliiga sauti ya mumewe, polepole, mikono imetulia mapajani: "'Mama Yuliana, maji ya jana yako wapi? Umesahau tena, maskini.' Na maji kayamwaga yeye mwenyewe alfajiri! Andika, karani." Nikiandika, ananyosha kidole. "Umeruka kikohozi. Anakohoa kwanza, ndipo anasema nimesahau."

"Mama, tangu lini kikohozi kikawa ushahidi?"

"Wewe andika tu."

Nikaandika, huku nauonea uchungu wino wa serikali.

Siku ya shauri mume alikuja na shati lililopigwa pasi, akamwamkia Liwali shikamoo kwa kuinama hadi nikaona kisogo chake. Mwanamke hakumtazama. Alikuwa anaitazama kalamu yangu. Liwali akauliza habari za maji. Mume akatikisa kichwa kwa huruma, akakohoa kidogo.

"Msimkasirikie, Bwana Liwali. Amesahau tena, maskini."

Kalamu yangu ikabaki hewani.

"Karani, mbona huandiki?" Liwali akafoka.

"Nimeshaandika, Bwana," nikasema, nikamsogezea karatasi ya juma lililopita, na kikohozi kimo.