Kitabu Kilichofunguka Upande wa Kulia

Baba alikuwa akifanya kazi katika yadi ya magari karibu na bandari, yale magari yaliyokwisha kutumika yanayoshushwa kutoka Japani. Kazi yake ilikuwa kuyaosha ndani kabla wanunuzi hawajaja kuyatazama, na humo ndani alikuta mabaki ya maisha ya watu: mwavuli, miwani, risiti za mafuta, kiatu kimoja cha mtoto kilichokwama chini ya kiti. Kila alichookota alimpelekea tajiri wake. Siku moja alimpelekea kitabu kinene cha picha, na tajiri akamwambia, "Gari limeuzwa na vilivyomo. Wapelekee watoto."

Mimi sikuwa mtoto tena. Nilikuwa nimemaliza shule, napanga na kuchora kadi za harusi katika duka la uchapaji kwenye barabara ya Ndia Kuu, lakini kwetu asiyeolewa ni mtoto tu. Nilikipokea kwa mikono miwili. Mimi na ndugu zangu tulikulia kwenye katuni za Kijapani za runinga, zile ziitwazo anime, na nilijua kwamba nyingi huanzia kwenye vitabu kama kile. Sikuwa nimewahi kushika hata kimoja. Nikaketi, nikakifungua, nikakuta mwanamke analia, kisha anacheka, kisha anaonekana mdogo kuliko alivyokuwa. Nikapindua kurasa kama kumi. Watu walikuwa wanaagana kabla ya kukutana.

Nyanya yangu, mamake baba, alikuwa mkekani akidarizi kofia.

"Nini hicho?"

"Manga, nyanya."

Aliweka sindano. "Cha Manga? Cha Waarabu?"

Kwake yeye Manga ni Maskati, na hakuna Manga nyingine. Nikamweleza kwamba neno ni la Kijapani, limegongana tu na letu. Hakunisikiliza. Alikitwaa, akakigeuza, akakifungua upande ule niliodhani ndio mwisho, kama afunguavyo msahafu. Kidole chake kikaanza juu kulia, kikaja kushoto, kikateremka.

"Kitabu chaanza huku," alisema. "Wewe wakisoma kwa mgongo."

Nyanya hakwenda skuli ya serikali. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na Kiswahili chake chote, barua na mashairi, hukiandika kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu kwake ni nyayo za kuku. Na sasa yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha kusoma kitabu cha Kijapani, akiwa na kofia ya mtu mapajani na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Huyu ni mjane," akasema alipofika ukurasa wa tatu.

"Umejuaje, nyanya?"

"Tazama. Yuwapikia sufuria kubwa, yuwapakua sahani moja."

Nikatazama. Kweli. Sufuria kubwa, mvuke, sahani moja. Hapakuwa na neno hata moja katika picha ile, nami nilikuwa nimeipita bila kuiona. Mwili ulinisisimka. Nikawaza juu ya mtu aliyeketi mahali huko mbali, akaamua ukubwa wa sufuria ile, akanyamaza, akiamini kwamba atatokea mtu wa kuiona. Na aliyeiona ni mwanamke wa Mji wa Kale ambaye hajawahi kuvuka bahari.

Ndipo nilipoamua kujifunza Kijapani. Nilianza na simu, nikiielekeza kwenye ukurasa, nayo ikanitafsiria "farasi amechoka bafuni" mahali ambapo hapakuwa na farasi wala bafu. Nikaiacha. Bahati yangu kitabu kilikuwa na herufi ndogo kando ya zile kubwa ngumu, za kumwonyesha msomaji jinsi ya kutamka. Nikazishika hizo ndogo kwanza, moja moja, kama tulivyoshika alifu na bee. Ilinichukua miaka miwili na ushei. Nilipoweza kusoma ukurasa wa kwanza wote, nilimwendea nyanya nikihema. Mwanamke yule alikuwa mtia rangi vitambaa. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Nyanya hakuinua macho kwenye sindano. "Si nilikwambia."

Nikamtafsiria kitabu kizima. Niliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwenye vipande vyeupe vya karatasi nilivyovikata kwa mkasi, nikavibandika juu ya maneno ya Kijapani. Nilipokwama, nyanya alinikwamua. Mimi nilisema "rangi ya buluu". Yeye akasema "nili", akanieleza kitambaa huchovywaje na hukamuliwaje. Na hapakuwa na picha hata moja iliyohitaji kusogezwa. Macho yalitoka kulia kwenye maandishi, yakatoka kulia kwenye picha, yakafika pamoja.

Majirani wakaanza kuja baada ya alasiri kumsikiliza nyanya akisoma. Wengi wao walikuwa wamama wa rika lake, ambao tangu wajukuu waache kuandika herufi zile hawakuwa na kipya cha kusoma. Mmoja akataka nakala yake. Wa pili akataka. Bosi wangu dukani aliniruhusu kutumia mashine, kisha akakipenda kitabu mwenyewe, akasema tukichape tukiuze. Binti wa jirani akapiga picha kurasa kadhaa, akazitia mtandaoni, na watu wa Lamu na Unguja nisiowajua wakaandika kuomba zilizobaki. Kichwa kikanivimba. Nikatengeneza jalada, na juu yake nikaandika jina langu kwa mwandiko ule ule ninaowaandikia maharusi. Jina la mwenye kitabu sikuliandika popote.

Aliyeligundua hilo ni wakili mmoja, binti wa nyumba ya pili, wa wale Waarabu waliokaa Mji wa Kale tangu enzi za babu zao. Alikuja na mamake siku moja kusikiliza. Akapewa nakala, akaitazama mbele na nyuma.

"Mashallah, dada. Kazi nzuri. Na mwenyewe yuko wapi humu?"

"Mwenyewe nani?"

"Aliyechora."

Nikasema kitabu ni changu, baba alipewa na tajiri wake.

"Karatasi ni zako," alisema kwa upole. "Waweza kuzisoma, kumpa mtu, hata kufungia vitumbua. Hadithi si yako. Kuifasiri na kuieneza ni haki ya aliyeitunga. Sheria ya Kenya yasema hivyo, na ya Japani yasema hivyo. Ulichombandikia nyanya nyumbani, hapo hakuna atakayekusumbua. Lakini hizi nakala, na hizo za mtandaoni, ni jambo jingine."

Nyanya alikuwa ametega sikio. "Na mwenyewe akifa?"

"Sheria yaendelea kumlinda, nyanya. Kwetu miaka hamsini baada ya kufa kwake. Kwao sabini."

Nyanya alishika shavu. Nilidhani atacheka. Badala yake aliuliza polepole, "Mtu yuko kaburini, na sheria yasimama mlangoni mwa maneno yake miaka sabini?" Wakili akaitikia kwa kichwa. "Subhanallah," akasema nyanya. Nami, katikati ya aibu yangu, nilihisi nilichokihisi mbele ya ile sufuria. Sikuwahi kufikiri kwamba hadithi ina nyumba, na kwamba nyumba ile ina mlango.

Wageni walipoondoka, nyanya alinitazama. "Umeingia kwa mtu bila kupiga hodi. Kesho uzikusanye."

Nilizikusanya. Nilipita nyumba hadi nyumba, nikieleza jambo lile lile kwenye kila kizingiti. Bibi mmoja wa karibu na Mwembe Tayari alikataa kabisa. Alisema yuko katikati ya kitabu na hajui kama vitambaa vya yule mjane vitashika rangi. Ilinibidi nimkalie nimhadithie mpaka mwisho ndipo akaachia. Binti wa jirani alizifuta picha mtandaoni. Bosi wangu alinuna juma zima.

Wakati huo nikawa nasoma juu ya sheria za Wajapani, na nikakuta jambo lililonishangaza. Kwao kuna masoko makubwa ambako mashabiki huuza vitabu walivyovichora wenyewe, wakitumia watu wa hadithi za wenzao. Kwa sheria ni makosa, lakini makosa ya namna hiyo serikali kwa kawaida haiyafuatilii mpaka mwenye hadithi ashtaki. Na wengi wao hawashtaki. Wanawatazama mashabiki, wananyamaza. Nikamkimbilia nyanya na habari hiyo.

"Wenyewe hunyamaza, nyanya. Na kwetu mwari akiposwa akanyamaza, si ndiyo ridhaa?"

"Mwari ameulizwa kwanza," alisema.

Nikaandika barua. Wakili alinisaidia kutafuta anwani ya wachapishaji, nikaandika kwa Kijapani changu cha kuungaunga. Nilieleza kila kitu: gari, sufuria na sahani moja, nakala, mtandao, jalada lenye jina langu. Niliomba radhi kwa lililopita na ruhusa kwa lijalo. Nikatia kurasa mbili za ile nakala ya nyanya, zikiwa na vipande vyake vilivyobandikwa.

Nikangoja. Mwezi wa Ramadhani ukaingia ukatoka. Nyanya hakuuliza, ila kila mtu wa posta au wa vifurushi alipopita njia yetu, sindano yake ilisimama.

Jibu lilikuja katika bahasha ngumu. Ndani mlikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mhariri, fupi, ya Kiingereza: kwa kawaida hawaruhusu tafsiri isiyo na mkataba, ila wamemsomea mtunzi barua yangu, na mtunzi ametaka kunijibu mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya mkono. Mtunzi alikuwa mwanamke mzee, na mwandiko wake ulitetemeka kama wa nyanya. Niliisoma kwa juma zima kabla sijathubutu kusema nimeielewa.

Aliandika kwamba zamani kitabu chake kilitolewa katika nchi moja ya Wazungu. Kwa kuwa wao husoma kutoka kushoto, wachapaji wa huko waligeuza kurasa zote kama kwenye kioo. Alipokipokea alitokwa na machozi. Mtia rangi wake, aliyechorwa akichovya kitambaa kwa mkono wa kulia, sasa alichovya kwa mkono wa kushoto. Na vazi lake lilikuwa limegeuka. Mjapani aliye hai, alieleza, hulifunga vazi lile upande wa kushoto ukiwa juu ya kulia. Maiti ndiye hufungwa kinyume chake. Kitabu kizima, watu wake wote, wakila na kucheka na kufanya kazi, walikuwa wamevaa kama wafu.

"Sikujua," aliandika, "kwamba iko nchi ambako wanawake huandika kutoka kulia na maneno yao si Kiarabu. Nimezitazama kurasa ulizoleta. Vazi lake liko sawa."

Nilipomfasiria nyanya maneno hayo, aliiweka kofia mkekani. Yeye mwenyewe ameosha na kuvisha maiti wengi wa mtaa wetu.

"Walimvisha sanda ilhali yu hai," akasema. Kisha, "Na mama wa watu akavumilia."

Ruhusa ilikuja pamoja na barua hizo, karatasi moja iliyotiwa saini, ambayo wakili aliisoma mara tatu. Nakala chache za kusomwa mtaani kwetu, kwa herufi za Kiarabu. Zisiuzwe, zisitiwe mtandaoni. Jina la mtunzi liwe la kwanza kwenye jalada. Na nakala moja apelekewe yeye.

Nililipanga jalada upya. Jina lake nililiandika kwa Kijapani na kwa herufi zetu, kwa mwandiko bora nilionao, nikalirudia mpaka vidole vikaniuma. Langu nililiweka chini, dogo, na neno mfasiri. Nikaliweka na la nyanya pia, kwa kuwa nusu ya maneno ni yake, japo alibisha. Bosi wangu alizichapa, akazibana mgongo upande wa kulia, akanikabidhi.

Siku ya kuzigawa, wamama walijaa ukumbini hadi ngazini. Wakili alikuwapo na mamake. Yule bibi wa Mwembe Tayari alifika wa kwanza, na ingawa mwisho nilikwishamhadithia, aliwakataza wengine wasiutaje. Nyanya alivaa miwani, akakifungua kitabu, akataja kwanza jina la mtunzi, silabi moja moja, jinsi nilivyomfundisha. Wote wakalirudia. Likatamkwa na watu wale, baadhi yao hawana jino mbele, jina la mwanamke ambaye hawatamwona maishani.

Kisha akafika ukurasa wa tatu, usio na maneno. Alikiinua tu kitabu, akakizungusha taratibu ili kila mmoja aone, nami nikawatazama nyuso zao nikingoja. Halafu mama wa wakili, aliyekuwa amefiwa na mumewe mwaka ule, akaweka mkono kifuani.

"Maskini," alisema. "Bado yuwapikia wawili."